Bendi Zimekwenda Wapi?

Leo tunazungumzia lawama moja ambayo kila mmoja wetu ameisikia, na pengine ameitoa kwa kinywa chake mwenyewe: kwamba muziki wa Tanzania umekufa.

Mnajua lawama hii inavyokuja. Redio inapiga wimbo wa Marijani Rajabu, au wa Mbaraka Mwinshehe. Mzee aliyekaa kwenye benchi anatikisa kichwa, anasema, "Huu ndio ulikuwa muziki bwana. Hawa wa sasa wanatupigia kelele." Kijana wa jirani anatabasamu tu, maana lawama hiyo ameizoea. Mzee anaona amesema kweli, kijana anaona mzee kapitwa na wakati, na mjadala unaishia hapo. Kila siku unaishia hapo.

Leo tusiuache uishie hapo. Ninalo swali moja, na nitalirudia mara kadhaa: ni nini hasa kilichokufa?

Je, ni waimbaji? Hapana. Sauti nzuri zimejaa, tena kila mtaa una ya kwake. Je, ni nyimbo? Hapana. Nyimbo mpya zinatoka kila wiki mpaka watangazaji tunashindwa kuzifuata. Je, ni wasikilizaji? Nenda Nairobi, nenda Bujumbura, vuka mpaka uingie Lubumbashi, utakuta watu wanacheza nyimbo za vijana wa Dar es Salaam. Sasa kama waimbaji wapo, nyimbo zipo na wasikilizaji wapo, huyo marehemu tunayemlilia ni nani?

Mimi nasema ni bendi. Tena si jina la bendi, maana majina mengine bado yapo. Nasema bendi kama mahali pa kazi: mahali ambapo mtu aliajiriwa kupiga gitaa, akalipwa, akafundishwa, na yeye akafundisha mwingine. Hilo ndilo lililotuponyoka. Nalisema mapema ili tuwe pamoja: kilichokufa, au tuseme kilicho mahututi, ni bendi kama mahali pa kazi.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Bendi za dansi nchini kwetu ni kongwe. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Baadaye kila mji ukawa na bendi yake, na kila bendi na mtindo wake, na watu waliutaja mtindo kwa fahari kama wanavyotaja timu ya mpira. Tabora Jazz na Segere Matata. Western Jazz na Saboso. Atomic Jazz ya Tanga na Kiweke. Morogoro Jazz na Sululu. Hapo Morogoro penyewe, mji ambao haukuwa mkubwa, palikuwa na bendi mbili kubwa zinazoshindana: Morogoro Jazz, alikokulia Mbaraka Mwinshehe, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah.

Kisha ukaja uhuru, na baada yake likatokea jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi. NUTA Jazz. Wanamuziki wake wakawa waajiriwa. Mpiga besi ana ajira! Mpuliza tarumbeta ana mshahara mwisho wa mwezi, kama karani, kama dereva! Mashirika mengine yakaona, nayo yakafanya vivyo hivyo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Usafiri Dar es Salaam wakawa na UDA Jazz. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, JKT walikuwa na Kimulimuli, vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ile tunayoiita Sikinde, chini ya shirika la teksi na usafiri. Na shirika hilo liliposhindwa kuendelea, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mshahara ulifanya nini kwenye muziki? Mshahara ulisikika! Ndiyo, ulisikika kwa masikio. Chukua wimbo wowote wa Sikinde wa miaka ile ya 80. Unaanza taratibu. Waimbaji wanakusimulia kisa: mke na mume, mtoto asiyesikia, mjini na taabu zake. Nyuma yao kuna gitaa la solo, kuna la rithimu, kuna solo la pili linalojibizana na lile la kwanza, na besi inatembea chini. Kisa kikiisha, wimbo unabadilika. Unaingia kwenye chemko. Waimbaji wanakaa pembeni, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, tumba inakaza mwendo, na ukumbi mzima unasimama. Hapo hata aliyekuja na mawazo yake anayasahau kwenye kiti.

Je, wimbo wa namna hiyo unahitaji watu wangapi? Hesabu mwenyewe: waimbaji, magitaa, besi, dramu, tumba, wapulizaji, na fundi mitambo. Hao wanafika ishirini bila shida. Na watu ishirini hawapigi kwa pamoja hivyo kwa kukutana siku moja. Walikuwa wakifanya mazoezi mchana, wakipiga ukumbini usiku, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Nani aliwalisha wakati wote huo? Mwajiri. Nani alinunua vyombo? Mwajiri. Bila mwajiri, chemko lile lisingekuwepo.

Na kuna jambo la pili. Bendi ilikuwa kama gereji ya mtaani. Gereji haina darasa wala cheti, lakini kijana anaingia kama spana boi, anashika tochi, anakabidhi spana, na baada ya miaka michache anashusha injini. Ndivyo ilivyokuwa kwenye bendi. Kijana alianza kwa kubeba vyombo, akipewa tumba siku mpigaji anapoumwa, kisha rithimu, na siku moja anaambiwa, "Leo solo ni wewe." Mtazameni Michael Enoch, King Enoch. Alivuma kwa gitaa Dar es Salaam Jazz, na miaka baadaye tunamkuta Mlimani Park anapuliza saksafoni na kuongoza bendi. Aliyafanyia wapi mageuzi hayo? Kazini. Wangapi wamepita mikononi mwake? Na bendi ikigawanyika, kama zilivyogawanyika mara nyingi, ujuzi ulihama na watu: Muhidin Gurumo alitoka NUTA, ambayo wakati huo ilikuwa imekuwa JUWATA, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, na mwishowe akarudi kwenye bendi yake ya awali, ile ambayo leo tunaiita Msondo. Kila alikopita aliacha kitu.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tunapoambiwa muziki umekufa, tukumbuke: bendi ilikuwa ajira, na bendi ilikuwa chuo. Ajira na chuo. Tuendelee.

Vilikwenda wapi basi? Havikwenda kwa siku moja. Kwanza ilikuja ile hali ngumu ya uchumi ya mwanzoni mwa miaka ya 80. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Kama sabuni ilikuwa shida, waya za gitaa zingetoka wapi? Spika ikipasuka, fedha za kigeni za kununulia nyingine zingetoka wapi? Kisha yakaja mageuzi, na katika miaka ya 90 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa au kufungwa. Mnunuzi wa kiwanda ananunua mitambo na majengo. Bendi haimo kwenye hesabu yake. Wanamuziki wakajikuta wanategemea kiingilio cha mlangoni, na mlangoni kuna siku za mvua, kuna siku za katikati ya mwezi watu hawana kitu.

Wakati huohuo disko zilikuwa zimeenea, na redio binafsi zikaanza, na vinanda vya umeme vikaingia, vinavyoweza kuigiza sauti ya tarumbeta kwa kidole kimoja. Jiwekeni kwenye nafasi ya mwenye ukumbi. Upande huu kuna watu ishirini: wanataka malipo, wanataka chakula, wanataka gari la kuwarudisha Temeke, Kinondoni na Gongo la Mboto saa tisa usiku. Upande ule kuna kijana mmoja na kompyuta yake. Wewe ungemchagua nani?

Msijibu haraka. Nami sijawalaumu. Nataka tuone tu kwamba hakuna kijana aliyeua bendi. Bendi zilianza kupunguza watu zenyewe ili ziishi, na wa kwanza kupunguzwa walikuwa wapulizaji. Hata African Stars, Twanga Pepeta, iliyojaza kumbi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90, ilizijaza kwa kinanda, magitaa na wanenguaji. Tarumbeta hazikuwa na nafasi tena. Kijana wa bongo fleva, huo muziki wa kizazi kipya, alikuta nyumba imekwisha kuhamwa.

Sasa najua kuna mzee ananisikiliza anasema, "Sawa mtangazaji, lakini muziki wetu ulikuwa wa kwetu. Hawa wanaiga. Leo Wanaijeria, kesho Waafrika Kusini na amapiano yao." Mzee wangu, shikamoo. Ruksa nikuulize kitu kimoja? Bendi ya Salum Abdallah iliitwa nani? Cuban Marimba. Wazee wetu walinunua santuri za Kuba, wakakaa nazo usiku na mchana wakijifunza rumba na chacha, na hata maneno ya Kihispania wakayaimba bila kuyajua maana. Baadaye wakaja ndugu zetu kutoka Kongo: bendi ya Maquis, Kikumbi Mwanza Mpango tuliyemwita King Kiki, na Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu, akafanya Dar kuwa kwao mpaka alipofariki mwaka 2010. Je, leo kuna Mtanzania anayemwita Remmy mgeni? Hakuna. Tumemfanya wa kwetu.

Kuiga, basi, si ugonjwa mpya. Tofauti iko hapa: bendi ilipoiga, ilikuwa na miaka ya kukaa na kile ilichoiga, kukipiga kila usiku mbele ya watu wa Tabora au Tanga, mpaka kikalegea, kikachanganyika na ngoma za hapa na visa vya hapa, kikatoka kingine kabisa. Kijana wa leo anatakiwa atoe wimbo kila baada ya wiki chache, la sivyo anasahaulika. Muda wa kuufanya uwe wa kwetu anaupata wapi? Ajira ndiyo iliyokuwa ikinunua muda huo.

Lakini tusipake rangi ya dhahabu. Je, wakati ule ulikuwa mzuri kwa mwanamuziki? Hapana, haukuwa mzuri kiasi hicho. Bendi iliitwa studio za Radio Tanzania, ikapiga nyimbo kadhaa kwa siku moja, wote kwa pamoja, na kanda ikabaki redioni. Mtunzi alipata umaarufu, pesa hakuiona. Mitaani maduka yalikuwa yanarekodi nyimbo hizohizo kwenye kaseti na kuuza, naye hapati hata senti. Waliotaka kutoa santuri walikwenda Nairobi, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na viwanda vya santuri, na wengine wakahamia huko, kama ndugu Wilson na George Kinyonga wa Tanga, walioanzisha Simba Wanyika hukohuko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo ni ya mwaka 1999. Marijani Rajabu, yule Jabali la Muziki, alikuwa amefariki miaka minne kabla yake.

Na Mzee Gurumo? Mwaka 2013 alitangaza kustaafu baada ya kuimba kwa nusu karne hivi. Ni nani aliyemzawadia gari? Ni Diamond Platnumz, kijana wa bongo fleva, wa kizazi kile kile kinacholaumiwa kwamba kimeua muziki. Ilikuwa heshima kubwa, na tunampongeza. Lakini tujiulize na sisi: mtu aliyetuchezesha kwa miaka hamsini, kwa nini gari lake litoke kwenye zawadi ya kijana badala ya jasho lake mwenyewe? Mwaka mmoja haukuisha baada ya hapo, Aprili 2014, tukamzika.

Kwa hiyo tunaposema tuzirudishe bendi, hatusemi turudishe na dhuluma yake. Tunataka ajira na chuo. Unyonyaji ubaki hukohuko ulikokuwa.

Wasikilizaji, tuangalie sasa upande wa pili. Je, kuna dalili za uhai? Zipo, tena nyingi. Msondo na Sikinde bado wapo, na wakipambana ukumbi mmoja siku ya sikukuu bado watu wanagawanyika kama Simba na Yanga. Zanzibar kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002, ambako mtoto anafundishwa ganuni, udi na fidla. Tamasha la Sauti za Busara, hapohapo Zanzibar, limeshikilia msimamo kwamba anayepanda jukwaani apige muziki mubashara, hakuna kuchezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa.

Halafu kuna singeli. Najua wengine mmekunja uso! Subirini. Singeli imezaliwa uswahilini, Tandale, Manzese na kwingineko, kwenye vigodoro na sherehe za mtaani. Vijana walichukua vipande vya vinanda vya taarabu, wakaviongezea mwendo kwenye kompyuta mpaka vikawa moto, wakachana juu yake mambo ya mtaani kwao. Niambieni, kuna muziki gani wa kwetu zaidi ya huo? Umefika hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Hao ni watoto ambao hatukuwaachia gitaa, hatukuwaachia tarumbeta, hatukuwaachia ukumbi. Tuliwaachia kompyuta iliyotumika, nao wakatengeneza muziki. Je, hapo kipaji kimekufa?

Na tarumbeta zenyewe, mnadhani zimekwisha? Jumamosi mchana simama pembezoni mwa barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam. Utauona msafara wa harusi unakuja, taa zimewashwa, honi zinalia. Mbele kabisa kuna pikapu, na nyuma ya pikapu wamesimama vijana sita au saba, mashavu yamejaa upepo, wanapuliza tarumbeta na tromboni, mmoja amekumbatia dramu, mwingine ameshikilia bomba la gari kwa mkono mmoja na tarumbeta kwa mwingine, na pikapu haipunguzi mwendo hata kwenye tuta. Wale ni wapulizaji! Wamejifunza wapi? Wengine kanisani, wengine kwa kaka zao, wengine kwa wastaafu wa bendi za majeshi. Wanapiga nyimbo mbili tatu, wanalipwa, wanashuka. Hakuna anayewauliza majina. Kizazi kizima cha wapulizaji kinapita mbele yetu kila Jumamosi juu ya pikapu, nasi tunasema wapulizaji hawapo.

Sasa tufanye nini? Nitataja mambo matatu tu, ili msiyasahau.

La kwanza ni malipo. Wimbo ukipigwa, mwenye wimbo alipwe. Mwaka 2022 COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya kazi zilizotumika redioni. Ule ulikuwa mwendo mzuri. Usiwe wa msimu. Nasi watangazaji tuna deni letu: tukipiga wimbo, tutaje aliyeutunga na aliyepiga lile solo, tusiishie kwenye jina la bendi.

La pili ni ala. Shule zetu nyingi zina kiwanja cha mpira, hata kama ni cha vumbi. Ni shule ngapi zina gitaa hata moja? Na zile kumbi za halmashauri zinazokaa zimefungwa mpaka siku ya mkutano, kwa nini kikundi cha vijana kisipewe ufunguo siku mbili kwa wiki kwa ajili ya mazoezi? Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji diwani mmoja na kufuli moja.

La tatu ni letu sisi wenyewe, na hili ndilo nalitilia mkazo. Nani ataiajiri bendi leo, wakati Bima haina tena bendi na kiwanda cha nguo hakina? Nawaambieni, mwajiri yupo, na ana fedha. Ni kamati ya harusi! Mmewahi kukaa kwenye kamati hizo, mnajua bajeti inavyosomwa. Ukumbi: unapita. Mapambo: yanapita, tena yanaongezwa. Chakula, keki, mpiga picha, mshereheshaji: vyote vinapita. Ikifika "bendi", mjumbe mmoja ananyoosha mkono, "Mwenyekiti, hapa tubane, tuweke DJ." Na mstari unakatwa. Mara ngapi tumeukata mstari huo, kisha tukaenda nyumbani tukasikiliza Zilipendwa na kulia kwamba muziki umekufa?

Basi hilo ndilo ombi langu kwenu. Muulizeni mwanamuziki wa bongo fleva, wa dansi, wa taarabu, wote watawaambia kitu kimoja: mwanamuziki hali sifa. Safari ijayo mkiwa kwenye kamati, mstari wa bendi ukifika, nyoosheni mkono kabla ya yule mjumbe. Kama fedha hazitoshi kwa watu ishirini, waiteni watano. Waiteni wale wa kwenye pikapu, waambieni washuke, waingie ukumbini, wapige saa nzima, na muwaulize majina yao. Wakiitwa kila Jumamosi watafanya mazoezi, wakifanya mazoezi watahitaji mpiga gitaa, na mpiga gitaa atamfundisha mwingine.

Nilisema nitalirudia swali, na nalirudia kwa mara ya mwisho: ni nini hasa kilichokufa? Ni ajira ya mwanamuziki. Na ajira, wasikilizaji wangu, hufufuka siku mtu anapoajiri.